Mwaka wa Yubile Ulipofika Mpwapwa



Ushuhuda huu nimeutoa kwanza kanisani, mbele ya watu walionijua nikichunga mbuzi. Leo wananiita mwalimu. Nilipotimiza miaka kumi nilikuwa sijui kuandika jina langu. Sikuwa mgonjwa, na wazazi wangu hawakuidharau shule. Kilichonizuia ni ada.

Kijiji chetu kiko wilaya ya Mpwapwa, mkoa wa Dodoma, upande ambao mvua ikichelewa Januari watu huanza kuhesabu kilichobaki ghalani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ada ya shule ya msingi ilikuwa shilingi 2,000 kwa mwaka kwa kila mtoto. Anayesikia leo atasema ni hela ndogo. Lakini ada haikuja peke yake. Palikuwa na mchango wa dawati, mchango wa mlinzi, mchango wa mitihani, halafu sare, halafu madaftari, na vyote vilidaiwa mwezi uleule ambao nyumbani hatuna chakula. Mama aliuza ubuyu na kuku mnadani. Baba alikwenda vibarua, akalima mashamba ya watu kabla ya kulima letu. Waliweza kusomesha wawili, wakapelekwa kaka zangu. Mimi na dada tukabaki.

Nataka nimtendee mama haki katika hili. Hakuna siku aliyosema msichana hana faida ya kusoma. Alisema, "Mwanangu, wewe subiri kidogo, tukivuna nitakupeleka." Tulivuna, na mavuno yakaenda kulipa deni la mahindi tuliyokopa wakati wa njaa. Dada yangu alisubiri mpaka akaolewa, akiwa bado mtoto, na ng'ombe wa mahari yake ndio waliotuvusha mwaka mmoja mgumu. Ninapolitaja jambo hili kanisani sauti hunikauka, kwa sababu dada huwa amekaa palepale benchi la tatu.

Kanisa lilitupenda. Mwinjilisti alikuja nyumbani kutuombea. Nguo zilipoletwa kutoka nje tulipewa, na mwaka wa njaa tuligawiwa mahindi. Shule ya Jumapili ndiyo shule niliyoijua; nilikariri mistari mingi ya Biblia kwa kuisikia, nikaimba nyimbo zote nikiwa sijui hata herufi moja iliyomo kitabuni. Nashukuru kwa hayo yote mpaka leo. Ila katika maombi yote yaliyoombwa nyumbani kwetu, sikumbuki hata moja lililouliza ada imewekwa na nani na kwa nini. Ada ilikuwapo kama jua la Oktoba lilivyo, nasi tukaomba nguvu ya kustahimili.

Kisha ukaja mwaka 2001. Mwenyekiti wa kitongoji alipita nyumba kwa nyumba na daftari, akaandika majina ya watoto wote, waliosoma na wasiosoma. Akatuambia serikali imefuta ada ya shule za msingi, na Januari 2002 kila mtoto aende. Mama alimuuliza mara mbili kama ni kweli. Kisha akauliza, "Na huyu mkubwa?" akinionyesha mimi, kwani nilikuwa nimeshafika miaka kumi na moja.

Wa umri wangu hatukuwekwa darasa la kwanza pamoja na watoto wa miaka saba. Tuliingizwa MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa, tukasoma kwa miaka mitatu yale ambayo wengine walisoma kwa minne, ili tufanye mtihani wa darasa la nne na kuingia la tano. Sitaipamba shule ile. Tulijaa mpaka mlangoni. Wengi tulikaa chini, wengine juu ya matofali, na mwalimu mmoja alifundisha watoto ambao wangetosha walimu watatu. Nchi nzima ilikuwa hivyo. Mwaka 2000 wanafunzi wa shule za msingi Tanzania walikuwa takriban milioni 4.4, kufikia 2005 walikuwa milioni 7.5. Fedha za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, zilileta saruji na mabati. Wazazi wakafyatua matofali na kusomba maji. Baba yangu alifyatua matofali ya darasa ambalo baadaye nilifanyia mtihani wa darasa la saba.

Nikaenda shule ya sekondari ya kata, nikapata Chuo cha Ualimu Mpwapwa, nikaajiriwa. Kwa miaka yote hiyo, nilipotoa ushuhuda niliishukuru serikali ya Rais Mkapa na nikamshukuru Mungu, nikakaa. Shukrani ile ilikuwa sahihi. Sikujua tu kwamba simulizi ina sehemu nyingine.

Sehemu hiyo niliambiwa na mgeni. Dayosisi yetu ya Kianglikana ya Mpwapwa ina uhusiano wa miaka mingi na Dayosisi ya Rochester huko Uingereza, na kila baada ya muda wageni hutoka kule kuja kutusalimia, na wa kwetu huenda kwao. Katika msafara mmoja alikuwamo mama mzee, mwalimu mstaafu. Nilipewa kazi ya kumtafsiria. Jioni, tukichambua mchicha jikoni kwa mchungaji, aliniuliza nilisoma wapi, nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Nilipotaja mwaka 2002 aliacha kuchambua.

"Ada ilifutwa mwaka huo?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Mwaka huo."

Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilisimama barabarani Birmingham kwa ajili ya hilo."

Sikumwelewa. Alinisimulia taratibu. Tarehe 16 Mei 1998, siku ya Jumamosi, wakuu wa yale mataifa manane makubwa walikuwa wakikutana katika jiji la Birmingham. Watu wa kanisa lake walikodi basi alfajiri. Walipofika wakakuta maelfu wengine, Wakatoliki, Wamethodisti, Wabaptisti, watu wa vyama vya wafanyakazi, na watu wasio na dini yoyote. Watu wapatao 70,000 walishikana mikono, wakaizunguka katikati ya jiji kwa mnyororo mmoja wa watu, wakidai madeni ya nchi maskini yafutwe kabla ya mwaka 2000. Kampeni yenyewe iliitwa Jubilee 2000. Alisema siku ile alisimama kati ya kijana asiyemjua na mtawa mmoja, na mpaka leo hajui majina yao.

Nilimuuliza, "Ulikuwa umewahi kufika Tanzania?"

"Hapana. Hata Mpwapwa sikuwa nimeisikia."

Usiku ule sikulala vizuri. Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata, na nitaeleza nilivyoelewa, kwa kuwa waumini wenzangu wengi hawajaelezwa.

Nchi yetu ilikopa kwa sababu nyingi. Bei ya mafuta ilipanda miaka ya 1970, mara mbili. Kahawa na mkonge tulivyouza vikashuka thamani. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikausha hazina. Kisha riba zikapanda duniani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mkopo uliokuwa mwepesi ukawa mzito bila aliyekopa kuongeza hata senti. Sisi watu wa Dodoma hatuhitaji mchumi kutufafanulia hilo: unakopa debe la mahindi Januari, wakati wa mavuno unadaiwa mawili, unalipa, ghala linabaki tupu, na Januari unarudi mlangoni kwa yuleyule. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 deni la nje la Tanzania lilikuwa zaidi ya dola bilioni 7. Na nchi ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imeandikisha karibu kila mtoto shuleni ilikuwa imerudi nyuma, kwa sababu mashirika ya fedha ya kimataifa yalishauri wananchi wachangie gharama, na mchango huo ndio uliobisha hodi kwa mama yangu. Mwalimu Nyerere alilisema hadharani tangu miaka ya 1980: aliuliza kama ni halali kuwanyima watoto chakula ili madeni yalipwe. Alifariki Oktoba 1999 bila kuona jibu.

Wale walioanzisha kampeni ile, mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Martin Dent na mwanadiplomasia mstaafu William Peters, hawakubuni jambo jipya. Walilitoa katika Walawi sura ya 25. Sura hiyo nilikuwa nimeisikia ikisomwa tangu utoto: mwaka wa hamsini baragumu lipigwe, aliyeuza shamba kwa dhiki alirudishiwe, aliyejiuza utumwani arudi kwa jamaa zake. Nimesikia mahubiri mengi yakiifanya yubile kuwa mambo ya rohoni, msamaha wa dhambi na furaha ya mbinguni. Sibishani na mahubiri hayo. Ila Musa aliandikiwa habari za mashamba, na bei, na miaka iliyobaki mpaka mwaka wa kuachiliwa. Ni sheria yenye hesabu ndani yake. Mungu alijua kwamba deni likiachwa lijiendee, baada ya vizazi viwili watu wachache watakuwa na kila kitu na wengi watakuwa vibarua wao, basi akaweka tarehe ya kulikata. Hilo ndilo lililonigeuza. Niliona kwamba haki ya maskini imo ndani ya imani yenyewe, mle ndani kabisa, pamoja na ubatizo na meza ya Bwana.

Watu wa kampeni ile walikusanya saini milioni 24 kutoka nchi zaidi ya 160. Juni 1999 huko Cologne, Ujerumani, wakuu wa mataifa yale wakaahidi kufuta madeni mengi zaidi. Tanzania ilikubaliwa katika mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa Aprili 2000, ikafikia hatua ya mwisho Novemba 2001. Miezi miwili baadaye, Januari, mimi nilikuwa nimekaa chini darasani nikifundishwa kuchora a.

Uamuzi wa kufuta ada ulifanywa hapa nchini, na heshima hiyo ni ya Watanzania, wakiwamo viongozi wa dini na asasi za hapa walioishinikiza serikali kwamba fedha zitakazookolewa ziende shule na zahanati. Wala msamaha ule haukuja bila uchungu. Miongoni mwa masharti yake ulikuwamo ubinafsishaji wa huduma ya maji Dar es Salaam. Mkataba wa kampuni iliyopewa kazi hiyo ulivunjwa mwaka 2005, na waliokosa maji katikati ya majaribio hayo walikuwa maskini. Mkopeshaji anayesamehe huku akishika funguo za nyumba yako hajasamehe vilivyo. Nalisema hili kwa sababu upendo wangu kwa watu wa Birmingham haunifanyi nifumbe macho.

Lakini nirudi kwa mama yule wa Rochester, maana kuna jambo juu yake ambalo sijamaliza kulitafakari. Miaka yote tumepokea misaada kutoka kwa ndugu zetu wa nje, na kila msaada ulikuja na picha. Tulipangwa mstari, tukashika nguo tulizopewa, tukapigwa picha tukitabasamu. Yeye alinitendea jambo kubwa kuliko misaada yote ile, na hakuwa na picha yangu. Hakunipa kitu. Alikwenda kuidai serikali yake mwenyewe, kwenye jiji lake mwenyewe, iache kuchukua. Kwa kuwa lilikuwa dai la haki, mimi sikuhitajika kumshukuru. Ningeweza kuishi na kufa bila kumjua, na darasa langu lingekuwa langu vilevile. Nilipomwambia hivyo alilia. Akasema kwa miaka mingi alikuwa akijiuliza kama ile safari ya basi ilifanya chochote.

Tangu nilipokutana naye huduma yangu kanisani imebadilika. Bado tuna kapu la wahitaji, na Jumapili ya kwanza ya mwezi linajaa unga, sabuni na chumvi, kwa sababu mwenye njaa leo hawezi kungoja sheria ya kesho. Lakini kinamama tumeongeza kazi nyingine. Tunasoma mbao za matangazo. Kwa utaratibu wa elimu bila malipo ulioanza 2016, kila mwanafunzi wa shule ya msingi ana ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka. 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 hupelekwa shuleni. Mapato na matumizi yanatakiwa kubandikwa mahali pa wazi. Kwa miaka mingi karatasi zile zilibandikwa, jua likazifubaza, mvua ikazinyeshea, na hakuna aliyesimama mbele yake.

Katika shule moja ya jirani tulikuta fedha zimeandikwa kwa ajili ya matundu ya vyoo vya wasichana, na pale pa vyoo pana shimo. Zamani tungeomba. Safari hii tuliomba pia, kisha tukaandika barua. Imamu wa msikiti wa pale alituunga mkono tangu siku ya kwanza. Alitukumbusha kwamba Kurani, katika Sura ya Baqara aya ya 280, inaagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda, na kumsamehe ni bora zaidi, kwa hiyo habari ya maskini na fedha si ya Wakristo peke yao. Tulikwenda pamoja, kinamama wa kanisa na kinamama wa msikiti, tukakaa kwenye mkutano wa kijiji tukiwa na nakala ya karatasi ile. Hatukumtukana mtu. Tuliuliza fedha zimefika lini, zimetoka lini, na kwa sahihi ya nani. Ilichukua mikutano kadhaa, na katikati wapo waliotuita wachochezi, wakamwambia mchungaji atuzuie. Mchungaji alijibu kwamba hajaona katika neno la Mungu mahali ambapo kuuliza hesabu ni dhambi. Vyoo vimejengwa. Wasichana wa darasa la sita na la saba wanakuja shule siku zote za mwezi.

Naandika haya sasa kwa sababu deni limerudi. Deni la serikali ya Tanzania limepita shilingi trilioni 100. Zambia ilishindwa kulipa Novemba 2020, Ghana ikafuata mwishoni mwa 2022, na mazungumzo yao na wakopeshaji yalikokota miaka. Wadai wa leo ni wengi kuliko wale wa 1998. Wako wenye hati fungani, ziko benki za kibiashara, ziko serikali nyingine, na hawakai chumba kimoja ambacho watu wanaweza kukizunguka kwa mikono. Ndiyo maana Papa Fransisko, kabla hajafariki Aprili 2025, aliutumia mwaka wa Yubile wa Kanisa Katoliki kuzitaka nchi tajiri zifute madeni ya nchi zisizoweza kulipa. Ndugu zangu Waanglikana, Walutheri, Wapentekoste, tusimwachie Papa peke yake. Nasi Watanzania tusingoje wazee wa Rochester wakodi basi tena. Tunalo bunge letu, na mikopo ni yetu sisi na watoto wetu; tuna haki ya kujua kila mkopo umekopwa kwa nani, kwa riba gani, na umejenga nini.

Dada yangu alianza kusoma akiwa na wajukuu, katika darasa la jioni tunalofundishia kinamama kwenye jengo la kanisa. Hasomi haraka. Lakini ndiye anayesimama mbele ya ubao wa matangazo wa kijiji na kuwasomea wengine kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, na akifika mahali asipopaelewa hasogei mpaka aeleweshwe.

Mkutano wa kijiji wa robo hii umepangwa baada ya mavuno, na yeye ameshaandika maswali yake mawili kwenye daftari. La kwanza ni la nyumba ya mwalimu ambayo imefika lenta na kusimama. La pili linahusu mchango wa mahindi na maharage kwa ajili ya chakula cha mchana shuleni, ambao sisi wazazi tuliupitisha wenyewe kwa nia njema: mzazi akishindwa kabisa kuutoa, mtoto wake atakula na wenzake au atarudishwa nyumbani? Amenionya nisilijibu mimi kwa niaba ya mtu yeyote. Anataka mkutano ulijibu, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.